Kahawa ya Bibi na Mtihani wa Bodi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, mzaliwa wa Ngamiani. Sasa naishi Makorora na mume wangu na watoto wawili, wa kike ana miaka sita na wa kiume miwili na nusu. Nafanya uhasibu kwenye ofisi ya uwakala wa forodha hapa hapa Tanga mjini. Novemba nina mtihani wa bodi, zimebaki wiki tisa. Ni mara ya pili naufanya, na ada nimejilipia mwenyewe.

Tatizo langu utacheka. Ni kahawa.

Nimekulia ndani yake. Bibi mzaa baba anakaanga buni mwenyewe uani, anatwanga na tangawizi kavu na iliki, anachemsha kwenye dele. Marehemu babu alikuwa akiitembeza barazani, ukisikia vikombe vinagongana unajua kafika. Mpaka leo kila jioni bibi ananijazia chupa ya chai, kijana wa bodaboda ananiletea. Siku ikirudi na kitu ndani, napigiwa simu: "Unaumwa?"

Siku yangu inakwenda hivi. Asubuhi kabla sijasema na mtu, kikombe cha kahawa ya unga, kijiko cha kujaa. Saa nne ofisini kingine. Mchana nikishakula, chai ya rangi. Saa tatu usiku watoto wakilala nafungua chupa ya bibi na vitabu, nasoma mpaka saa saba, siku nyingine saa nane. Nikizidiwa naongeza kopo la enaji. Kichwa kikigonga nameza vidonge viwili, vile vya maumivu vilivyoongezwa nguvu.

Mwaka jana nilisoma hivyo hivyo na sikuwa na shida. Ramadhani ya mwaka huu niliweka vitabu pembeni, kahawa ikawa finjani moja tu baada ya futari. Siku tatu za mwanzo kichwa kiliuma, halafu nikawa shwari mpaka mume wangu akasema. Baada ya Idi nikarudia vitabu. Mwezi huohuo niliacha sindano ya uzazi wa mpango maana hedhi ilikuwa haieleweki, nesi akanipa vidonge. Nakuandikia yote upate picha nzima.

Tangu hapo sijielewi. Moyo unadunda nikiwa nimekaa tu. Mkono unatetemeka mpaka saini yangu benki waliikataa. Mwezi uliopita niliingiza kwenye hati 84,150,000 badala ya 81,450,000. Tofauti ni 2,700,000, inagawanyika kwa tisa, na mhasibu yeyote akiona hivyo anajua kuna tarakimu zimepishana. Mimi nilihangaika nayo saa mbili. Bosi hakunigombeza, alivuta kiti akanionyesha kwa kalamu. Bora angenigombeza.

Usiku mmoja niliamka saa tisa, moyo unakwenda mbio, jasho, vidole ganzi. Nikamwamsha mume wangu nikamwambia nakufa. Alinipa maji akakaa na mimi kwenye ngazi ya uani mpaka adhana ya alfajiri. Yeye anasema kahawa inanitia wazimu, niache. Lakini yeye mwenyewe kila usiku anakunywa finjani sita barazani na sigara zake, akirudi analala kama gogo! Mama yangu anasema ni kijicho cha mtu wa ofisini, akaniletea kombe la aya za Kurani nikanywa.

Nikajaribu kuacha. Jumamosi sikunywa. Jumapili kichwa kilitaka kupasuka, nililia kwa sababu kanga ilianguka kwenye matope. Jumatatu ofisini nilikodolea skrini kama mjinga. Saa tano nikashindwa, nikanywa kikombe kimoja, na nusu saa haikupita nikawa mtu. Nikajua basi, akili yangu bila kahawa haipo.

Halafu kuna binti yangu. Siku hizi asubuhi, kabla hajaniomba kitu, anasimama mlangoni kwa jikoni na kuuliza: "Mama, umeshakunywa kahawa?" Nikisema ndiyo anaingia, nikisema bado anarudi chumbani. Hata mtoto ameona kwamba kahawa ndiyo inayonifanya mama mwema.

Nikiacha nitafeli. Nisipoacha naogopa nitachanganyikiwa. Na bibi nitamwambiaje? Jina langu usilitoe, Tanga ndogo hii.

Mwenye chupa, Makorora

*

Marahaba mwanangu, na pole. Sikucheka. Barua yako niliisoma alasiri nikiwa na kikombe mkononi, nikakiweka chini nilipofika kwenye ile ngazi ya uani.

Unaniambia kitu ulichokinywa tangu utotoni kimeanza kukugeuka. Unataka kujua ukiache na uhatarishe mtihani, au uendelee nacho na uhatarishe akili. Kabla ya kuchagua, nataka tuyarudie mambo mawili uliyoyakata kama hukumu: kwamba akili yako bila kahawa haipo, na kwamba kahawa ndiyo inayokufanya mama mwema.

Tuanze na lile jaribio lako. Mtu aliyezoea kafeini akiikata ghafla, maumivu huanza kati ya saa 12 na 24, hufikia kilele siku ya kwanza au ya pili, na huweza kuburuza mpaka siku ya tisa. Kichwa kinauma, mwili unalegea, moyo unakuwa mzito, mawazo hayakai pamoja, machozi yako karibu. Wewe uliacha Jumamosi, ukajipima Jumatatu. Ulijipima katikati ya ugonjwa, halafu ukaandika matokeo kana kwamba ni ya mtu mwenye afya. Kile kikombe cha saa tano kilikuondolea shida ambayo kukosekana kwake ndiko kulikoileta. Watafiti wa mambo haya bado wanabishana ni kiasi gani cha "uchangamfu" wa mnywaji wa kila siku ni faida halisi, na kiasi gani ni kurudishwa tu pale ambapo asiyekunywa yupo tayari.

Na ushahidi mwingine umeuandika mwenyewe ukaupita. Ramadhani, chungu la kwanza mpaka la tatu kichwa kiliuma, kisha ukawa shwari. Nusu ya mji huu huumwa kichwa siku hizo na husingizia njaa peke yake. Wewe mwezi mzima ulikwenda kazini kwa finjani moja ya usiku. Hati zako za mwezi ule zilikuwa na makosa? Sijui, hukusema. Faili unazo wewe, kazitazame.

Nisije nikaonekana naitukana kahawa. Inasaidia kweli. Masufi wa Yemen katika karne ya 15 waliinywa ili wakeshe kwenye dhikri, na sayansi haijawakanusha: kafeini inamfanya mtu aliyechoka awe macho, aitikie haraka, asisinzie kwenye kazi ya kurudiarudia. Kwenye kufikiri kwa kina, kama yale maswali yenu ya bodi yenye kurasa mbili za maelezo kabla hujafika kwenye swali lenyewe, msaada wake ni mdogo zaidi. Ikizidi, mkono unatetemeka na akili inarukaruka kama kuku aliyekatwa kamba.

Inavyofanya kazi ni hivi. Kadiri unavyokaa macho, kichwani hujikusanya kemikali iitwayo adenosini, ambayo ndiyo inayoleta usingizi. Kafeini imefanana nayo umbo, basi inawahi viti vyake, kama abiria anayekalia kiti cha mwenzake kwenye daladala. Adenosini haijaondoka, imesimama mlangoni imeshika bomba. Kafeini ikishuka, inaingia yote kwa mkupuo.

Sasa swali ni lini inashuka, na hapa ndipo nilipovuta kalamu. Kwa mtu mzima wa kawaida mwili huchukua kama saa tano kuondoa nusu ya kafeini. Watu hutofautiana sana. Mvuta sigara huiondoa upesi, karibu mara mbili ya asiyevuta, kwa sababu moshi unaliamsha ini. Ndiyo maana mumeo anarudi na finjani sita tumboni analala kama gogo. (Asiisome hii akapata sababu ya kuendelea kuvuta.) Na mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huiondoa polepole, karibu nusu ya kasi yake ya zamani. Mwanamke mjamzito ni wa polepole zaidi.

Wewe ni mhasibu, basi tupige hesabu ya bakaa. Tuseme saa tatu usiku umekunywa miligramu 200 kutoka kwenye chupa ya bibi. Mwaka jana, saa nane usiku zingebaki 100. Leo, kama vidonge vyako ni vya aina hiyo, hizo 100 bado unazo saa moja asubuhi, na juu yake unamimina kijiko cha kujaa. Unafungua siku na salio la jana ambalo hukuliandika popote. Kahawa ni ileile ya bibi, ila anayeipokea amebadilika.

Lakini usikimbilie kuvihukumu vidonge. Mambo matatu yaliingia kwa mlango mmoja baada ya Idi: vidonge, vitabu vya usiku, na kahawa iliyorudi kwa wingi baada ya mwezi wa kupumzika. La nne ni usingizi. Anayelala saa nane akaamshwa na adhana hana zaidi ya saa tatu kitandani, na kwa usingizi huo hata asiyegusa kahawa anapisha tarakimu, anagombana na anatetemeka. Upo utafiti wa Marekani wa mwaka 2013 ulioonyesha kwamba miligramu 400 zilizonywewa muda wa saa sita kabla ya kulala zilipunguza usingizi kwa zaidi ya saa nzima. Wewe unakunywa ukiwa umeshakalia kitanda, karibu.

Hizo 400 ndizo pia ambazo mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, mwaka 2015, iliziona hazina wasiwasi kwa siku nzima kwa mtu mzima mwenye afya asiye mjamzito. Siku yako nzito nimeihesabu. Vikombe viwili vya kahawa ya unga, vya kujaa, tuviweke 140. Chai ya rangi 40 na kitu. Kopo la enaji la mililita 250 huwa na 80. Na vile vidonge vya kichwa vilivyoongezwa nguvu, soma ubavuni mwa boksi: vingi nguvu yenyewe ni kafeini, miligramu 65 kila kimoja, kwa hiyo viwili ni 130. Tumekaribia 400 na chupa ya bibi hatujaifungua. Ya bibi siwezi kuipima, inategemea buni. Robusta ya Kagera ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro. Muulize anainunua ya wapi.

Turudi kwa binti yako. Umelisikia swali lake kama sifa kwa kahawa. Mimi nililisikia vingine, na unaweza kunikatalia. Mtoto wa miaka sita hajui kafeini. Anajua kuna mama wawili asubuhi, na amegundua njia ya kumjua yupi yupo jikoni. Huyo wa kwanza, anayemkimbia, ni mama aliyelala kwa muda wa saa tatu tu. Kikombe kinamfunika kwa muda. Ungelala kwa muda wa saa sita na nusu, je, angekuwa na haja ya kuuliza? Mwulize siku moja, kwa upole, wakati wa kumsuka nywele, ameona nini. Watoto wakisukwa husema.

Kuhusu ule usiku wa saa tisa. Ulivyoueleza unafanana na mshtuko wa hofu unaopanda ghafla, na kafeini nyingi inaweza kuuchokoza kwa wenye mwelekeo huo. Lakini "unafanana" ni neno langu la mezani, sijakushika mkono. Moyo kudunda na mkono kutetemeka pia huletwa na tezi ya shingo, na upungufu wa damu nao unadundisha moyo. Hili la damu nalitaja kwa sababu hedhi yako ilikuwa imevurugika, na chai ya rangi juu ya chakula inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Nenda ukapimwe presha, damu na tezi, Bombo au kituo kilicho karibu nawe. Ukienda, chukua pakiti ya vidonge vyako ili nesi aone ni vya aina gani, na mwambie habari za kichwa, hasa kama kabla hakijauma unaona vimulimuli machoni. Vidonge usiviache kabla hajakupa njia nyingine. Na ukihisi maumivu ya kifua, au kuzimia, au ukajikuta unatamani usiwepo, usisubiri safu ya gazeti. Nenda siku hiyohiyo.

Kombe sitalisema vibaya. Mama alikuletea alichonacho. Wala kipimo cha damu hakigombani na kombe.

Sasa ufanye nini? Njia naziona kadhaa na kila moja ina mwiba wake. Kuacha ghafla unakujua tayari, ingawa maumivu yale yana mwisho, siku tisa kwa wiki tisa ulizonazo. Unaweza kupunguza taratibu: kijiko cha kujaa kiwe cha kufuta, baada ya siku nne tano kikombe cha saa nne kipungue nusu, hivyo hivyo. Hatari yake ni udanganyifu mdogomdogo, kwamba kikombe kinapungua na kopo linaongezeka. Au ubaki na kiasi kilekile lakini uhamishe muda, kusiwe na kafeini yoyote baada ya saa nane mchana. Hii wengi huiona nyepesi, ila kwako inagusa saa zako za kusoma, na hata kahawa ya saa nne inaweza kufika usiku ikiwa ini lako limepunguza mwendo. Au uongee na nesi habari ya njia nyingine ya uzazi, ukijua kila njia ina vituko vyake na sindano ilikwishakuonyesha. Au uendelee hivi mpaka Novemba. Nalo ni chaguo, silicheki, watu wamefaulu wakiwa hoi. Ila mara ya kwanza ulisoma hivi hivi, na mtihani unaurudia.

Lolote utakalolishika, badilisha moja kwa wakati, kama unavyosuluhisha taarifa ya benki, mstari mmoja unautiki kabla ya kwenda wa pili. Chukua daftari la shule la binti yako lililobakiza kurasa. Andika saa ya kila kikombe, saa ya kulala, na kama aliuliza swali lake.

Lipo jambo moja zaidi, na hili nalisema taratibu. Kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa tatu usiku, barua yako haina hata dakika moja iliyo yako. Ofisi, watoto, mume, ndipo chupa. Nadhani ukimya ule wa usiku, karatasi mezani, harufu ya iliki, unaupenda kuliko kahawa yenyewe, na atakayekuambia "acha kahawa" unamsikia kama anakunyang'anya ukimya huo. Basi utafutie mahali pengine kabla hujaukata. Mumeo aliyekaa ngazini na wewe mpaka alfajiri si mtu mbaya. Je, umeshamwomba awachukue watoto jioni mbili kwa wiki, baraza imkose, wewe usome saa kumi na mbili mpaka saa tatu kisha ulale? Labda atakataa. Labda hajawahi kuulizwa. Na unachokisoma jioni, usingizi ndio unaokihifadhi. Kurasa za saa saba usiku unazipitia haraka na asubuhi hazipo, nadhani hilo umeshaliona.

Bibi usimfiche. Mtu aliyekaanga buni miaka yote hiyo anajua zaidi yangu kwamba kahawa ina saa zake. Mwambie moyo unakusumbua, na umwombe hiyo chupa ya jioni aijaze mchaichai, tangawizi yake abaki nayo. Atanung'unika kidogo. Halafu Jumamosi asubuhi nenda Ngamiani na binti yako, mkae uani, unywe finjani moja ya dele, ile ndogo, na kashata.